Jogoo Aliyejiita Farasi

Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeniuliza umri wangu Doha. Uraia waliniuliza kila siku, hata muuza kadi za simu aliniuliza. Dini waliuliza kwa adabu, mshahara wakauliza bila adabu. Umri ulikuwa umeandikwa kwenye kitambulisho changu cha ukaazi, na jambo lililokwisha kuandikwa na serikali halina haja ya kuulizwa tena. Hilo lilinifaa sana, kwa sababu umri wa kwenye kitambulisho na umri wa kwenye magoti yangu ulitofautiana kwa miaka tisa.

Watu pekee walioniuliza walikuwa wenye kimkahawa kimoja cha Kivietnamu pale Fereej Bin Mahmoud, na waliniuliza kabla ya kuniwekea supu mezani. Nikawadanganya. Uongo nilikuwa nao tayari, nimeufunga na mizigo kutoka nyumbani, kwa hiyo haukunigharimu chochote siku hiyo.

Nilitoka kwetu karibu na Voi nikiwa na miaka arobaini na miwili. Wakala mmoja wa Nairobi aliyekuwa akitafuta walinzi alinitazama kutoka juu hadi chini, akaridhika na kimo, akaridhika na meno, halafu akasoma cheti changu cha kuzaliwa na kushika kichwa.

"Mzee, hapa umri ni noma," alisema. "Hawa watu mwisho wao ni thelathini na tano. Wacha tukutoe kidogo."

Akanitoa tisa. Sikujua alifanyaje na sikumuuliza. Baada ya wiki chache nilipewa karatasi zinazosema mimi ni kijana wa miaka thelathini na mitatu, na nikaziamini kuliko nilivyowahi kumwamini mhubiri yeyote. Nilizaliwa mara ya pili, bila maji na bila Roho.

Ubaya wa kupunguza miaka ni kwamba huwezi kujipunguzia peke yako. Kitinda mimba wetu, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, akawa kaka yangu mkubwa. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka ishirini, yuko chuo cha ualimu, na mtu wa miaka thelathini na mitatu hawezi kuwa na binti wa ishirini ila awe na maelezo marefu. Kwa hiyo kila aliyeniuliza habari za watoto nilimwambia mkubwa yuko darasa la sita. Na kila baada ya wiki mbili nilijifungia msalani na pakiti ya rangi nyeusi ya unga, nikapaka kichwa, nikakaa nusu saa juu ya ndoo nikingoja ujana ushike.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye ukumbi wa jengo moja la makazi kule The Pearl, nikifungua mlango ambao ungejifungua wenyewe. Kisiwa cha kutengenezwa, mlango usiohitaji mtu na mlinzi mwenye umri wa kuchongwa. Hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Tukimaliza zamu tulirudishwa kwa basi hadi Muaither, kwenye nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba, sita kila chumba. Kitanda kilichokuwa karibu na changu kililaliwa na Mkenya mwenzangu, mtoto wa Nairobi, miaka thelathini na mitano ya kweli kabisa, halali, ya kuapa mahakamani. Hakukawia kupandishwa cheo akawa supavaiza wetu. Ni yeye aliyenipeleka kwenye kile kimkahawa.

Alikuwa ameona picha ya bakuli dirishani na mvuke umechorwa juu yake. "Boss, nimepata place wanauza supu ya mifupa," aliniambia, na macho yakamtoka kama mtu aliyeona ndugu aliyepotea. Ijumaa ile, baada ya swala, mitaa ilipoanza kufungua milango tena, tulikwenda. Kimkahawa kilikuwa na meza saba, katikati ya dobi na duka la simu. Mwanamke mmoja alitujia akasema neno lililonifika masikioni kama "fa", na mtu unayemkaribisha chakula kwa neno "fa" lazima asite kidogo. Kumbe ndilo jina la supu yenyewe.

Supavaiza aliagiza mbili na chapati nne. Chapati hawakuwa nazo. Akatoka, akanunua mkate wa tanuri kwa Mpakistani wa ng'ambo ya barabara, akarudi nao kwapani, akaumega na kuuchovya. Mwanamke yule alisimama akatutazama hivi tunavyochovya, kisha akamwita mumewe atoke jikoni aje aone. Mume alikuja, akaona, akarudi jikoni.

Lakini supu! Mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa tangu jana yake, mdalasini ndani, iliki, na yale maua makavu yenye pembe kama nyota. Tangawizi na kitunguu vilivyochomwa kwanza motoni mpaka vikawa vyeusi. Chini kuna tambi za mchele, juu nyama iliyokatwa nyembamba kiasi cha kuivia mle mle bakulini. Pembeni wanakuwekea ndimu, pilipili, choroko zilizochipua na rundo la mrehani. Wauza mboga wa Doha wanauita rihani, karibu na sisi kabisa, lakini haikunipitia akilini kwamba mrehani unaliwa. Kwetu nimeuona ukivaliwa na maharusi.

Mara ya kwanza tulikuwa "sir". Ijumaa iliyofuata mwanamke yule alisimama mbele ya meza yetu, kitambaa begani, akauliza, "Umri gani?" Kiingereza chake na changu vilikuwa vinakutana njiani vyote vimechoka, kwa hiyo hapa nimevitafsiri kwa heshima ya pande zote mbili.

Supavaiza akasema thelathini na mitano. Mimi nikasema thelathini na mitatu, haraka, kama askari anayetaja namba yake.

Akatikisa kichwa, akaridhika, akatueleza. Katika lugha yao hakuna "wewe" ya kumwambia kila mtu. Ukitaka kusema na mtu lazima kwanza ujue ni mkubwa wako au ni mdogo wako, maana "wewe" ya kaka mkubwa si "wewe" ya mdogo, na "mimi" nayo inabadilika kufuata. Bila umri hawezi hata kukuuliza kama unataka pilipili. Mteja wa kupita anamezwa na Kiingereza, lakini anayerudi ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani lazima awe na mahali pake. Yeye alikuwa na miaka thelathini na saba. Kwa hiyo sisi sote wawili tukawa "em", yaani mdogo wangu, naye tukamwita Dada.

Mama yake, bibi kizee aliyeshinda kwenye meza ya kona akichambua mrehani, alitaka mwaka wa kuzaliwa ili ajue mnyama. Wao kila mwaka una mnyama wake, wako kumi na wawili, wanazunguka. Supavaiza akapewa joka, akafurahi mpaka kesho. Mimi kwa mwaka wa pasipoti nikapewa farasi. Yule bibi alinitazama kwa muda mrefu, akasema kitu, binti yake akacheka.

"Mama anasema hujakaa kama farasi."

Nikacheka na mimi. Mtu mwenye siri hucheka kabla ya wenzake.

Kuwa mdogo kuna kazi zake. Kwenye meza yao mdogo ndiye anayechukua vijiti vya kulia kutoka kwenye kopo, akavifuta kwa karatasi, akawapa wakubwa kwanza, tena kwa mikono miwili, akawakaribisha wale ndipo aonje. Hayo tulionyeshwa Ijumaa ya tatu, na supavaiza akayashika haraka kuliko alivyowahi kushika jambo lolote la kazini.

"Haya kijana, futa vijiti," aliniambia.

Nikafuta. Mimi, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, niliyekaa kikao cha mahari ya dada zangu wawili, nilimfutia vijiti mtoto aliyekuwa akinyonya nilipokuwa nikichunga ng'ombe. Kila Ijumaa, kwa miaka miwili. Nilimfutia na kumpa kwa mikono miwili, na kila mara alisema "asante kijana" kwa sauti ya mjumbe wa halmashauri.

Nitasema kweli hata hivyo, kwa kuwa hakuna wa kunikata tena miaka. Nilipenda kuwa em. Kwetu tangu nipate akili hakuna aliyewahi kuniambia "kula". Mimi ndiye niliyewaambia wengine wale. Dada alinigombeza nisipomaliza mboga. Alinituma barafu. Alinifokea siku niliyokuja na kikohozi bila sweta, wakati viyoyozi vya Doha vinaua watu kuliko jua lake, akanitilia tangawizi ya pili bakulini na kusimama hapo mpaka niinywe. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitano, na ndiye dada mkubwa pekee niliyewahi kuwa naye.

Katika miaka hiyo binti yangu alimaliza chuo, akapata shule, akaolewa. Harusi niliihudhuria kwa simu. Mpwa wangu aliinua simu juu nikasikia vigelegele na mlio wa kipaza sauti kibovu. Wenzangu chumbani wakauliza kuna nini. Nikawaambia shangazi yangu anaolewa. Wakasema hongera kwa shangazi, hajachelewa.

Kisha mjukuu akazaliwa. Mvulana, na wakwe zangu, Mungu awape maisha marefu, wakaridhia apewe jina langu. Ujumbe ulinifikia nikiwa nimesimama mlangoni pa watu. Mlango ukafunguka, ukafungwa, wapangaji wakaingia na mbwa wao, wakatoka na mbwa wao, na mimi nimejaa habari mpaka kooni na hakuna wa kumwambia. Kwa hesabu ya Doha nilikuwa na miaka thelathini na mitano na binti yangu alikuwa darasa la nane. Kusema nimepata mjukuu ni kumfanya mwalimu mwenye ndoa ya kanisani kuwa mtoto wa shule aliyeharibikiwa. Na supavaiza, ambaye kwa moyo mzuri kabisa angeanza kupiga hesabu, alikuwa na karatasi mkononi. Mikataba yetu ilikuwa inakaribia kwisha, na yeye ndiye aliyependekeza nani aongezewe na nani aende. Mlinzi aliyegunduliwa kuwa na karatasi za uongo hakuwa na la kujitetea. Mwanangu wa pili alikuwa kidato cha tatu, wa tatu ndiyo kwanza anaingia sekondari, na mimi ndiye niliyekuwa karo yao.

Ilikuwa Ijumaa na supavaiza alikuwa zamu. Nikaenda kwenye supu peke yangu. Nilikuwa nimeapa kunyamaza, lakini Dada alipouliza tu habari, maneno yakanitoka.

"Nimepata mtoto," nikasema. Niliona huo ni uongo mdogo kuliko mingine. Nikamwonyesha picha.

Akapiga kelele ya furaha, akamwonyesha mama yake, akamwonyesha mume jikoni. Halafu akarudi, na uso umetulia.

"Em, ulikuja Doha lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Umekwenda nyumbani mara ngapi?"

"Bado."

Alikwenda jikoni, akarudi na bakuli lililojaa nyama kupita kiasi, akaliweka mbele yangu taratibu, akaniwekea mkono begani. Mumewe alichungulia kutoka jikoni akanitikisia kichwa, kama wanaume wanavyotikisiana msibani. Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yao. Niliangalia ile nyama ya rambirambi na nikaona nina mawili ya kuchagua: niwe mume aliyeibiwa, au niwe babu. Mke wangu, aliyekuwa akipalilia mahindi bila habari, hakustahili lile bakuli.

"Si mtoto wangu," nikasema. "Ni wa binti yangu."

"Yule wa darasa la nane?" Akashika mdomo.

Ndiyo ikabidi niseme yote. Nilieleza wakala, miaka tisa, rangi ya nywele, ndoo ya msalani. Dada alimtafsiria mama yake kipande kwa kipande. Bibi akaacha mrehani, akanyoosha kiganja, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye pingili za vidole vyake akirudi nyuma mwaka kwa mwaka. Kidole kikasimama. Akasema neno moja, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Jogoo," alisema Dada. "Wewe ni jogoo. Mama anasema alijua si farasi. Farasi hatulii. Wewe unakuja saa ile ile, unakaa kiti kile kile."

Kwetu wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote na kuutumia juu ya watu wengine. Bibi akauliza mtoto ataniitaje. Nikamwambia: babu. Akalijaribu mdomoni mara tatu, "babu, babu, babu," akalishika barabara, yeye ambaye kwa miaka mingi Doha alikuwa amekubali kujifunza maneno matatu tu ya Kiingereza.

Nilitarajia baada ya hapo nitajisikia mwepesi. Lakini Dada alikuwa amesimama, mikono ameikunja mbele, na aliposema tena hakuniita em. Aliniita "anh", kaka mkubwa, kwa sauti ya chini, akanivutia vizuri kiti nilichokuwa nimekikalia tayari. Aliniomba radhi kwa barafu zote alizonituma. Barafu nilipokwenda kuichukua mwenyewe, alinizuia. Nikajua nimempoteza.

"Tafadhali," nikamwambia, "supavaiza akiwepo, niite em kama zamani. Kazi yangu iko hapo."

Akajaribu. Nilimwona akijaribu, midomo ikaanza, akatazama upande wa mama yake, akaacha. "Siwezi. Sasa nimeshajua. Nikisema ni kama nakupiga kofi."

Basi hiyo ndiyo lugha niliyoipelekea siri yangu, mimi niliyeishi kwenye lugha ambayo "wewe" moja inamtosha mfalme na mwizi wake. Supavaiza alikuwa amejifunza yale maneno mawili, em na anh, kama mimi, na alifurahia sana mimi kuitwa mdogo. Dada akifungua mdomo tu kuniuliza kama nataka ndimu, nimekwisha.

Ijumaa tatu niliugua tumbo. Ya nne supavaiza alikataa. "Leo twende, kijana. Nimechoka na hizi maharagwe za huku. Hata kama ni tumbo, supu ni dawa."

Tukakaa mahali petu. Dada alikuja, akamsalimia supavaiza, em hivi, em vile. Kwangu akaweka bakuli na kunitabasamia kwa midomo iliyofungwa. Akaleta ndimu bila neno. Akaleta pilipili bila neno. Alinionyesha chupa ya mchuzi kwa kidole na kuinua nyusi, nami nikainua zangu kumjibu, kama mabubu wawili sokoni.

"Kwani mmekosana na sista?" supavaiza aliuliza.

"Hapana."

"Mbona hakuongeleshi?"

"Labda jino linamuuma."

Nikavuta kopo la vijiti, nikachukua karatasi, nikaanza kufuta kama Ijumaa zote. Kisha nikamwona bibi akiinuka kule kona. Kwa miaka miwili sikuwahi kumwona akiinuka kwa ajili ya mteja. Alikuja polepole, ameshika kingo za meza moja baada ya nyingine, akafika kwetu, akaninyang'anya vijiti na karatasi, akavibandika kwenye mikono ya supavaiza.

"Bibi, hapana," alisema supavaiza huku anacheka. "Huyu ndiye mtoto. Mimi joka. Mimi mkubwa."

Bibi alimwelekezea kidole yeye, kisha akanielekezea mimi. Akasema, kwa Kiswahili safi kisicho na kasoro yoyote:

"Babu."

Nilisikia jokofu likinguruma, na jikoni mtu ameacha kukata. Supavaiza alinitazama usoni, akapanda mpaka kwenye nywele, akashuka taratibu mpaka kwenye masikio na kukaa hapo. Nilimwona akikusanya mambo: msalani kwa kufuli, foronya yenye weusi, shangazi aliyeolewa uzeeni. Hakuwa mjinga hata siku moja. Nilimfikiria mwanangu wa kidato cha tatu.

Kisha akakunja karatasi, akafuta kijiti kimoja, akafuta cha pili, pole pole, kama anasafisha bunduki ya kazini ambayo hatukuwahi kupewa. Akanyoosha mikono miwili, akanipa. Akangoja. Nikaonja supu mimi kwanza, na ndipo na yeye akaonja. Tulikula mpaka mabakuli yakaisha, na Dada alipokuja kuyaondoa aliniuliza kwa sauti kama nataka chai, akatanguliza neno la kaka mkubwa, na supavaiza akatazama dirishani.

Nje, mbele ya dobi, alisimama kuwasha sigara.

"Buda," alisema, yaani mzee, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kufuta vijiti asiniite kijana. "Hiyo rangi imeanza kutoka hapa kwa masikio. Picha za mkataba ni Jumapili. Panga hiyo kitu mapema." Akavuta moshi. "Na hizo vijiti zote za hizi miaka... sorry."

Jumapili nilipigwa picha nikiwa mweusi tii. Nikapewa miaka miwili mingine ya ujana. Likizo yangu niliiuza, kama walivyofanya wengi, ikageuka karo, na nikaendelea kufungua mlango usiohitaji kufunguliwa. Kimkahawa niliendelea kwenda. Nilipewa kiti cha ukutani, nilipewa bakuli kwanza, hakuna aliyenigombeza tena kwa mboga nilizoacha. Siku moja ya baridi nilikwenda bila sweta kwa makusudi, nikakohoa. Dada akaniangalia kwa wasiwasi, akafungua mdomo, akaufunga, akapunguza kiyoyozi. Kaka mkubwa haulizwi sweta.

Nilikwenda nyumbani mwisho wa mkataba wa pili. Mjukuu alikuwa na miaka miwili na ushei, mtu wa maneno mengi, mwenye jina langu. Binti yangu alimsukuma mbele. "Msalimie babu."

Mtoto akatazama nywele zangu. Babu wa pili, baba mkwe wa binti yangu, alikaa nyumba ya tatu, na alikuwa na kichwa cheupe kama pamba. Babu kwake lilikuwa jambo linalojulikana.

"Si babu," alisema. "Ni anko."

Walicheka wote na mimi nikacheka kuwashinda. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa kinyozi nikanyoa zote. Baada ya siku kumi zikaanza kuchomoza, nyeupe kabisa, na mtoto akawa anapanda mapajani kuzipapasa. Siku moja, bila kusukumwa na mtu, aliniita babu kutoka mlangoni kwa sababu kuku ameingia jikoni. Niliinuka kumfukuza yule kuku na macho yananitoka machozi. Nilimpikia supu: mifupa, mdalasini, kitunguu cha kuchoma, tambi za dukani. Nilifuta kijiko chake kwa leso na kumpa kwa mikono miwili, akakipokea kana kwamba ndivyo dunia inavyotakiwa kuwa. Mke wangu akauliza hayo mambo nimeyatoa wapi.

Likizo ilikuwa siku arobaini na tano. Siku ya mwisho, asubuhi, binti yangu alinikalisha uani na taulo mabegani, akakoroga ile rangi kwenye kopo, akanipaka kwa mswaki wa zamani. Mjukuu aliketi kwenye kigoda mbele yangu, mikono magotini, akatazama kazi yote toka mwanzo mpaka mwisho bila kuuliza swali hata moja. Nilioshwa, nikafutwa, nikavaa shati la safari. Gari lilipopiga honi alikuja kunipa mkono, kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwaaga wageni.

"Kwaheri, anko," alisema.